Mlima Si wa Wageni Peke Yao

Watu wakaao chini ya mlima mkubwa aghalabu ndio wa mwisho kuukaribia. Msafiri hutoka Ulaya au Marekani, akavuka bahari na kutumia fedha nyingi, ili auone Mlima Kenya kwa siku nne au tano. Lakini mkulima wa Gachoka, ambaye huuona asubuhi za kiangazi kabla mawingu hayajaufunika, huutazama ili ajue tu kama mvua i karibu, kisha akashika jembe lake. Si kwamba hana macho ya kupenda uzuri. Ni kwamba tangu zamani amezoea kudhani kuwa matembezi ni kazi ya wageni wenye fedha, na kwamba mwenyeji hasafiri ila kwa arusi, matanga, hospitali au kesi.

Dhana hiyo yafaa ichunguzwe, na mfano wa nyumba moja ya Gachoka watosha kuichunguza. Baba wa nyumba hiyo ni karani katika mji wa Embu, na mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Shamba lao ni la ndengu, mtama na muguka, pamoja na mbuzi wachache na mizinga ya nyuki. Watoto wao ni watatu: mvulana aliyekuwa kidato cha nne mwaka 2024, msichana wa miaka 13, na mdogo wao wa miaka 9. Nao walikaa pamoja na nyanya yao, mama wa karani, ambaye alizaliwa upande wa Runyenjes akaolewa huku chini Mbeere akiwa bado kijana.

Likizo ya Aprili ya mwaka huo karani alitangaza mezani kwamba likizo ya Agosti nyumba nzima itapanda Mlima Kenya. Mvulana alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amesoma shuleni habari za Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera ya Kenya huru katika kilele cha Lenana mnamo tarehe 12 Desemba 1963, akaona kwamba jambo lililowezekana usiku wa uhuru haliwezi kumshinda yeye. Nyanya alinyamaza. Mama watoto naye hakukataa wala hakukubali, alileta daftari la matumizi ya nyumbani, akalifungua, akasema, "Baba watoto, safari ni njema. Lakini safari isiyoandikwa ni kama shamba lisilopimwa. Tuandike."

Basi wakaandika, na maswali ya mama yalikuwa haya. Kwanza, wataenda wangapi, na mdogo kuliko wote ataweza kutembea mwendo gani? Pili, fedha zitatoka wapi bila kugusa karo? Tatu, hali ya hewa ya Agosti ikoje upande huo wa mlima? Nne, watalala wapi, na nani atawaongoza? Tano, wanakwenda kuona nini hasa? Karani alikuwa tayari kwa swali la pili tu, nalo kwa nusu.

Yafaa kueleza hapa mlima wenyewe ulivyo, kwa kuwa wengi hudhani ni kilima kirefu tu. Kilele cha juu kabisa, Batian, kina mita 5,199, nacho cha pili, Nelion, kina mita 5,188. Hivyo viwili havipandwi ila na mafundi wa kupanda majabali kwa kamba. Mackinder, Mwingereza, pamoja na viongozi wake wawili wa milimani, Ollier na Brocherel, walikuwa watu wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika Batian, mwaka 1899. Na Nelion haikupandwa mpaka mwaka 1929. Kilele cha tatu ni Lenana, mita 4,985, na hicho ndicho mtu mwenye afya nzuri anaweza kukifikia kwa miguu yake, akiongozwa vema na asiposhikwa na haraka.

Neno haraka ndilo lenye hatari. Gachoka iko katika nchi ya joto, chini hata kuliko mji wa Embu. Mtu apandapo kutoka huko, joto hupungua kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita 1,000, na hewa nayo huwa nyepesi. Kuanzia mita 2,500 hivi na kuendelea, mtu asiyezoea aweza kushikwa na ugonjwa wa mlimani: kichwa humuuma, hutapika, hakosi kuchoka, na usingizi humtoroka. Akizidi kupanda katika hali hiyo, maji yaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na mtu akafa, awe mzee au kijana, dhaifu au shujaa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja. Kinga yake ni kupanda polepole, kulala siku ya pili mahali pasipopita sana urefu wa siku ya kwanza, na kunywa maji ya kutosha. Wazee waliposema mwenda pole hajikwai hawakuwa wakiwaza habari za mapafu, lakini neno lao lafaa hata huko.

Mama alipoyasoma hayo kwa sauti, karani alimtazama mtoto wake wa miaka 9, kisha akamtazama mama yake mzee. Akafuta neno Lenana katika ukurasa ule.

Mvulana aliona kwamba ameonewa. Alisema kwa adabu, lakini kwa uchungu, kwamba Novemba atamaliza mtihani, na baada ya hapo huenda akapelekwa Nairobi au mbali zaidi. Tena barafu ya mlima inakwisha, na atakaporudi haitakuwapo. Maneno yake hayakuwa ya kitoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 barafu za Mlima Kenya zilihesabiwa kuwa 18. Nyingi zimekwisha kutoweka, na ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, iitwayo Lewis, imebaki vipande. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa habari kwamba mambo yakiendelea hivi, huenda Mlima Kenya ukaishiwa na barafu katika miaka ya 2030. Kijana aliyezaliwa akiuona mlima mweupe huenda akazeeka akiwaeleza wajukuu weupe ambao hawataweza kuusadiki.

Kabla ya baba kujibu, mambo mengine yalitokea. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Mahakama Kuu ya Embu iliizuia amri ya Mombasa mwishoni mwa mwezi huo huo, lakini kwa muda ule bei iliyumba na wanunuzi wakasitasita, na nyumba nyingi za Mbeere zilionja shida. Majirani waliposikia kwamba karani bado anaandika habari za safari, walitikisa vichwa. Mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mtembezi hula miguu yake. Ungenunua tangi la maji." Karani hakumjibu, kwa sababu jambo lile lilikuwa na ukweli. Tangi la maji Mbeere si kitu cha anasa.

Jioni hiyo alimwambia mkewe kwamba afadhali safari iachwe. Ndipo nyanya, ambaye tangu Aprili hakuwa ametia neno, aliposema, "Mwanangu, mimi sikuomba kupanda mlima. Lakini watoto hawa hawajaona nilikozaliwa. Wajua jina langu la Nyanya tu. Mkiniacha hapa mpaka miguu ikatae, nitawaonyesha nini?"

Maneno hayo ndiyo yaliyojibu swali la tano la mama watoto, yaani wanakwenda kuona nini. Karani alikuwa amefikiri juu ya kilele; hakuwa amefikiri juu ya njia. Na njia ya kutoka Gachoka kwenda mlimani yapita Embu, ikapita Runyenjes, ndiyo nchi ya mama yake. Karibu na Runyenjes ndipo Waembu husimulia kwamba Mungu alimpa Mwenendega mke mzuri kando ya maporomoko ya maji ya Mbui Njeru, akawapa na mali, na kwamba wazao wao ndio walioijaza nchi ya Embu. Wageni huonyeshwa hadithi za namna hiyo kwa malipo. Mjukuu wa nchi aweza kuzisikia bure, ikiwa tu mtu wa kumsimulia yu hai na ana nguvu za kufika mahali penyewe.

Basi mpango ukaandikwa upya, safari hii na watu wote. Siku ya kwanza ilikuwa ya Runyenjes, kwa jamaa za nyanya, ambako hapakuhitajika nyumba ya wageni, ila zawadi ya asali na gunia la ndengu. Siku ya pili ilikuwa ya kwenda Chogoria, katika nchi ya Tharaka-Nithi. Kutoka mji huo barabara hupanda katika msitu kiasi cha kilomita 30 mpaka lango la mbuga, mahali palipo karibu na mita 3,000. Hapo zipo nyumba ndogo za kulala na mahali pa kupiga hema. Siku ya tatu ilikuwa ya kutembea mpaka maporomoko ya Mto Nithi tu, mwendo usio mrefu, na kurudi. Nyanya angebaki Runyenjes siku hizo kwa ndugu zake, akingoja kuchukuliwa wakati wa kurudi.

Na mvulana? Baba alimwita kando akamwambia, "Lenana haikufutwa, imesogezwa. Ukimaliza mtihani wako, Januari tutakwenda wawili, pamoja na kiongozi na mpagazi. Januari na Februari ni kiangazi, mbingu huwa safi. Agosti upande wetu wa mlima una ukungu na manyunyu. Lakini fedha za wewe kwenda tutazitafuta pamoja." Kuanzia siku hiyo mizinga miwili ya nyuki ilitiwa katika mikono ya kijana. Asali yake ingeuzwa kwa ajili ya Januari, na daftari lake mwenyewe likafunguliwa.

Kwa habari ya tangi la maji, karani alipiga hesabu iliyo wazi. Mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Chakula kingetoka nyumbani: unga, ndengu, chumvi, majani ya chai, na asali. Blanketi na makoti ya mvua waliazima, wakanunua soksi nene na sweta za mitumba sokoni Embu. Kitu kikubwa kilichobaki kulipiwa kilikuwa ni gari la kupanda msituni, nao wakashirikiana na nyumba nyingine moja, mwalimu mwenzake mama watoto. Fedha za tangi hazikuguswa, ingawa tangi lenyewe lilichelewa kwa miezi miwili. Hilo ndilo gharama ya kweli ya safari, na karani hakulificha.

Walio na shaka kwamba kupanga huku kwa akiba ndogo kwaweza kumfikisha mtu mahali, na wakumbuke habari ya mwaka 1943. Mwitalia Felice Benuzzi na wenzake wawili walikuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, na kila siku waliuona mlima nje ya waya. Kwa muda wa miezi waliweka akiba ya chakula, wakafua vyuma chakavu kuwa zana za kutembelea juu ya barafu, na kwa kuwa hawakuwa na ramani, walitumia picha ya mlima iliyokuwa katika karatasi ya kopo la nyama. Mwezi wa Januari walitoroka, wawili kati yao wakafika Lenana wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao na kukubali adhabu. Hakuna apaswaye kuwaiga kwa kukosa ramani na kiongozi. Lakini yafaa kuangalia kwamba hata watu wasiokuwa na uhuru walianza kwa kupanga, na kwamba mmoja wa hao watatu alikuwa mgonjwa akaachwa chini, wala hakulazimishwa.

Safari ilianza asubuhi, nayo ilipangwa imalizike kila siku kabla ya jua kutua. Hilo mama watoto alilisimamia kwa ukali kwa sababu ya barabara ya Embu kwenda Meru, ambayo ina miteremko na makona, hasa penye daraja la Mto Nithi. Hapo, mwezi wa Julai 2022, basi lilitoka barabarani likaanguka bondeni, watu zaidi ya 30 wakafa. Mtu aogopaye tembo msituni asiisahau barabara iliyomfikisha huko.

Runyenjes nyanya aliwaongoza mwenyewe, akishika fimbo na bega la mjukuu wake wa kike. Aliwaonyesha palipokuwa nyumba ya baba yake, na kijito alichochota maji, na shamba lililokuwa kichaka alipokuwa msichana. Aliwatajia majina ya ukoo wake, moja baada ya jingine, na msichana akayaandika yote katika daftari la shule. Alisema pia kwamba zamani wazee wa Embu na wa Mbeere waliposali waligeuza nyuso kwenye Kirinyaga, na kwamba huko Mbeere yalikuwapo machaka matakatifu ambayo hakuna aliyethubutu kukata miti yake. Mdogo aliuliza, "Nyanya, miti hiyo iko wapi sasa?" Akajibiwa kwamba mingi imekatwa kwa makaa na kwa mashamba. Karani, ambaye mwenyewe alikuwa amenunua makaa mara nyingi, hakusema kitu.

Mlimani walifika na ukungu, kama ilivyotazamiwa. Waliona msitu mkubwa ukigeuka kuwa mianzi, na mianzi ikaisha mahali paanzapo majani ya nchi ya baridi. Waliona kinyesi cha tembo kingali kibichi barabarani, na nyati kwa mbali, nao hawakushuka garini mpaka kiongozi alipowaruhusu. Usiku mdogo aliumwa kichwa kidogo. Mama alimnywesha maji, akakaa macho, na kama asubuhi kichwa kisingetulia, safari ingaligeuzwa papo hapo, kwani jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika daftari tangu Juni. Kilitulia. Wakaenda maporomokoni polepole, wakala chakula chao juu ya mawe. Kilele hakikuonekana siku ile hata mara moja. Mvulana alitazama juu mara nyingi, lakini hakulalamika.

Januari 2025 baba na mwana walirudi kwa njia ile ile, wawili, na fedha za mizinga zikalipia sehemu ya kiongozi. Walilala usiku mmoja zaidi langoni ili waizoee hewa, wakatembea siku moja mpaka Ziwa Ellis na kurudi, ndipo wakaanza kupanda. Kijana alifika Lenana alfajiri. Baba alichoka akabaki kambini chini ya kilele, naye hakuona haya kubaki, kwa kuwa mpango uliruhusu mtu kubaki. Kijana alipoteremka alisema kwamba barafu ya Lewis aliyoisoma vitabuni imekuwa kidogo kuliko bwawa la kunyweshea ng'ombe. Labda alipunguza kwa sababu ya huzuni. Lakini aliiona kwa macho yake.

Mwaka huo huo miguu ya nyanya ilikataa, kama alivyosema. Sasa hukaa kivulini mbele ya nyumba, karibu na tangi jipya la maji, na Runyenjes kwake ni mbali kama Ulaya. Lakini majina ya ukoo wake yako katika daftari la mjukuu, na mdogo aweza kuyatamka bila kukosea zaidi ya mawili.

Si kila nyumba itaweza kwenda Chogoria, wala si lazima. Mtu wa Gachoka aweza kuanza karibu. Kipo kilima cha Kiang'ombe, upande wa kaskazini wa Mbeere, chenye mita 1,804 na msitu kileleni, ambacho familia yaweza kukipanda na kushuka kwa siku moja. Ipo Hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976 mahali Mto Thiba unapokutana na maji ya Tana katika bwawa la Kamburu; wamo tembo, nyati, viboko na twiga, na ndege wa maji wasio na idadi. Wako watoto wengi wa Mbeere waliomwona kiboko katika picha tu, ilhali anakoroma si mbali na mashamba ya wajomba zao.

Neno kubwa ni kupanga, na kupanga kwenyewe hakuhitaji fedha ila karatasi, kalamu, na watu wa nyumba kuketi pamoja. Mdogo kuliko wote ndiye apimiwe mwendo, mzee kuliko wote ndiye aulizwe njia, karo isiguswe, saa za barabarani ziwe za mchana, na atakayeshindwa aruhusiwe kubaki bila kuchekwa. Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Mlima Kenya utakuwapo, hata barafu yake ikiisha. Wazee waijuao njia ndio wasiongojwa.